YAH: Malalamiko kuhusu kupunguzwa nguvu kwa kadi ya Mamba Mzee na majibu ya huduma kwa wateja

Mwanga,
Kigoma.

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nazungumzia mchezo wenu wa kadi wa kwenye simu.

Kanuni zenu mnazijua kuliko mimi, sitazirudia hapa. Mlichoandika kuhusu kutoa notisi kabla ya kubadilisha kadi mnakijua. Mnajua pia kwamba Mamba Mzee alikuwa anashuka mezani kwa gharama ya nishati 4 akiwa na nguvu 7 na uhai 6, na kwamba Jumamosi ile mchana, bila tangazo lolote, akawa wa nishati 6 na nguvu 5. Ijumaa usiku mlikuwa bado mnamuuza kwa shilingi 35,000 kifurushi, picha yake imejaa ukurasa mzima wa duka. Nilinunua. Ujumbe wa malipo ninao kwenye simu.

Niseme mapema, msije mkanijibu kwa somo la usawa wa mchezo. Kadi ikizidi nguvu lazima ishughulikiwe, hilo halina ubishi. Magic, mchezo wa kadi wa mezani, ipo tangu 1993 na kadi zilizofungiwa humo ni nyingi. Kadi yao ya Oko, Thief of Crowns ilitoka Oktoba 2019 na Novemba ya mwaka huohuo ikapigwa marufuku kwenye mashindano ya Standard, yale ya kadi za karibuni tu. Lakini kadi zao za mezani ni za karatasi. Ikishachapishwa hawawezi kuingia kwenye droo ya mtu wakafuta namba, kwa hiyo wanatangaza hadharani na lawama wanaibeba. Ninyi kadi zenu zinakaa kwenye seva, mnafuta namba mnapojisikia. Ni sawa na mchuuzi wa Kibirizi akuuzie ndoo ya dagaa, kisha usiku akufuate nyumbani apunguze nusu, na asubuhi akuambie ndoo ni ileile.

Na hata hapo mlipofuta, mlikosea pa kufuta. Mamba Mzee alikuwa mkali, sikatai, ila kilichomfanya asizuilike ni kadi ya Ngoma ya Mvua, inayompunguzia kila mnyama wa maji nishati 2. Mngeifanya ipunguze 1 tu, Mamba angekaa sawa bila kuguswa namba hata moja, na wachezaji wenye seti za kadi za moto wangepata zamu ya kujipanga. Ngoma ya Mvua mmeiacha kama ilivyo. Wiki hiyohiyo mkatoa Chui wa Shaba, nishati 4, nguvu 8, uhai 6, kwenye pakiti za kulipia peke yake. Huo ndio usawa? Mwaka 2015 Hearthstone, mchezo mwingine wa kadi wa kidijitali, walitoa kadi ya Ice Rager, ambayo ilikuwa Magma Rager ileile, gharama 3 na shambulio 5, ila uhai 2 badala ya 1. Watu wakacheka, maana zote mbili zilikuwa dhaifu. Chui wenu hachekeshi. Anamla Mamba wa zamani, sembuse huyu mliyemng'oa meno.

Sasa nije kwenye simu.

Jumamosi ileile tulikuwa ukumbini, nusu fainali ya mashindano ya vijana ambayo mimi ndiye niliyeyaandaa. Kijana wa Ujiji mechi iliyotangulia kamshusha Mamba kwa nishati 4 kama kawaida. Mechi hii kadi inakataa. Akadhani simu imeganda, akaizima na kuiwasha, mpinzani wake anasubiri, watu wameanza kunung'unika kwamba wameibiwa kiingilio. Nikapiga namba yenu ya huduma, nikaweka spika ili kila mtu asikie maelezo ya kampuni na nisionekane natunga. Dada aliyepokea akanisikiliza, kisha akasema: "Kaka, huko mwisho wa reli hata kadi ikipungua nguvu, nani ataona?" Na simu ikakatwa.

Kabla ya hapo, wiki ya pakiti za Chui, nilikuwa nimeshawaandikia kuuliza kama kuna kadi itakayoguswa, maana vijana walikuwa wanataka kununua kwa ajili ya mashindano. Mkanijibu kwamba hakuna mabadiliko yaliyopangwa. Barua pepe hiyo nimeiambatanisha. Nilipowaandikia tena baada ya Jumamosi, yakaja yale majibu yenu ya mashine: "Asante kwa maoni yako, endelea kufurahia mchezo." Kufurahia!

Hivyo naomba mnirudishie shilingi 35,000 zangu. Hilo ndilo nililokusudia kuandika nilipokaa chini.

Lakini naona ile simu haijaelezwa inavyostahili, naomba niirudie. Kwanza aliniuliza napiga kutoka wapi. Nikasema Kigoma. Akasema, "Kigoma? Kumbe na huko mnacheza?" Ukumbi mzima unasikia. Wamo vijana wa Gungu na Katubuka, yumo mmoja aliyetoka Kasulu kwa basi alfajiri, na wamo wazazi waliokuja kuona huu mchezo unaokula pesa za watoto wao ni kitu gani. Nikameza. Nikamweleza kwa heshima, namba za kadi moja baada ya nyingine. Ndipo akatoa hilo la mwisho wa reli, na nyuma yake kukasikika mtu mwingine akicheka. Alicheka, Ndugu Meneja, kabla simu haijakatwa. Mzee mmoja akanyanyuka, akamshika mwanawe mkono wakatoka. Yule wa Ujiji akaweka simu yake mezani kifudifudi na mechi ikaishia hapo.

Mwisho wa reli tunajiita wenyewe, na ni fahari yetu. Treni imefika hapa tangu 1914. Pesa yetu inawafikia huko kwa sekunde chache na sijawahi kusikia mkiirudisha kwa sababu imetoka mbali.

Kwa hiyo 35,000 yangu peke yake haitoshi tena. Nataka kila aliyenunua kifurushi cha Mamba wiki ile arudishiwe pesa taslimu kwenye namba aliyolipia. Msituletee sarafu za ndani ya mchezo, hizo mtazifuta kesho. Na msirudishe ya Mamba tu. Seti nzima ilijengwa juu yake. Kadi za Mkunga, Ngoma ya Mvua na Kiboko Mlinzi hazina kazi bila yeye, nazo zilinunuliwa. Hearthstone wakipunguza kadi nguvu, kwa muda maalumu mchezaji anaruhusiwa kuivunja na kurudishiwa vumbi lote, yaani mali ya ndani ya mchezo, la kuitengenezea. Wao wanaweza. Viingilio vya mashindano pia mtavilipa, nimeshawarudishia vijana kutoka mfukoni mwangu.

Na huyo dada, pamoja na aliyecheka, watuombe radhi kwa jina la Kigoma, kwenye ukurasa uleule wa duka mlipoweka picha ya Mamba. Mazungumzo ya simu mnayarekodi, mnatutangazia wenyewe kila tunapopiga. Isikilizeni.

Nawapa siku saba. Zikipita kimya, barua hii na viambatanisho vyake vinakwenda Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na kuuza Ijumaa kadi mnayojua mtaikata Jumamosi ni kupotosha. Vijana hapa wanasubiri neno langu kuhusu pakiti za Chui. Mpaka sasa nimewaambia wasinunue hata moja.

Wenu,

Mteja, Kigoma
(jina na namba ya akaunti viko kwenye kiambatanisho)

Nakala: Tume ya Ushindani. Imeshaandikwa, haijatumwa.