Barua kwa mwanangu: Alhamisi uende

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu, kila nikitaja hospitali, unasema mtandao mbaya.

Mwenzako wa chumbani amenipigia. Usimkasirikie. Anasema hii wiki ya tatu huingii darasani, chakula anachokuletea kinalala kwenye hotipoti, na usiku anakusikia uko macho. Anasema pia zahanati ya chuo wamekuandikia rufaa uende Mirembe, hospitali ya akili, Alhamisi, na ile karatasi umeikunja ukaitia chini ya godoro. Mimi uliniambia malaria. Mara mbili uliniambia malaria. Baba, nimekulea mimi, malaria yako naijua.

Alhamisi uende.

Najua kinachokuzuia ni jina. Humu ndani Mirembe tuliigeuza tusi. Mtoto akivunja kikombe, "wewe utapelekwa Mirembe." Nani alikuwa akilisema zaidi, unajua, na mimi najua. Hospitali ile iko hapo Dodoma tangu 1927, na wapo wanaoingia asubuhi kwa miguu yao, wakaonana na daktari, wakarudi makwao. Si kila anayepita getini analazwa.

Mjomba wako, hukuambiwa yote, ulikuwa mdogo. Miaka miwili tulimzungusha kwa waganga. Kuku mweusi nilikuwa nambeba mimi, chini ya kanga, alfajiri, watu wasinione. Yeye hasemi, anazidi kukonda, na mimi natafuta kuku mwingine. Nesi mmoja ndiye aliyetushika mkono hadi kliniki. Leo kopo lake la dawa linakaa kabatini pembeni ya sukari, na mwezi huu kapanda migomba mipya kule bondeni. Ile miaka miwili sijui nitamrudishiaje.

Wako huenda si ugonjwa kama wake. Labda ndiyo hiyo sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, wanayoisema redioni, mimi si daktari. Lakini wakikuuliza kama kwenye ukoo kuna aliyeugua, usifiche, mtaje mjomba. Watakuuliza usingizi, kula, pombe, bangi. Sema kweli yote, mimi sitakuwepo chumbani. Na kama wazo la kufa linakujia, litaje hivyohivyo lilivyo. Likija kabla ya Alhamisi usilale nalo peke yako: mwamshe mwenzako akupeleke hospitali usiku huohuo, na mimi unipigie. Simu naiweka chini ya mto, imejaa chaji.

Si wote wanaopewa vidonge. Wakisema ukae na mshauri mzungumze, kaa, usitazame saa. Wakikupa vidonge, usitegemee nafuu kesho yake. Nesi aliniambia dawa za sonona huchukua wiki kadhaa mtu kuona kazi yake. Na ukijiona umepona usiziache kwa kichwa chako. Mjomba aliacha mara moja, tukaanza upya.

Baba yako alisema ni uvivu na kuacha swala. Tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi akanipa elfu thelathini nikutumie, hakuongeza neno. Zipokee hivyohivyo. Dua nakuombea kila baada ya alasiri, na hospitali uende.

Wewe ndiye wa kwanza nyumba hii kufika chuo kikuu, na mimi habari hiyo niliitembeza Muheza nzima, mpaka kwa watu wasioniuliza. Labda ndiyo maana umeona huwezi kuniambia. Nimeangalia meseji zangu kwako: matokeo, matokeo, ada. Ya kukuuliza umelalaje sikuiona. Ukihitaji kuahirisha mwaka kwa ugonjwa, ahirisha, chukua karatasi ya daktari uwapelekee chuoni. Maneno ya majirani niachie mimi.

Kama huwezi kwenda peke yako, niambie kabla ya Jumanne. Nitapanda basi, Segera, Chalinze, Morogoro, hadi hapo. Hela ya kikoba nimeshaitoa, bati la jiko litasubiri. Linavuja palepale juu ya mafiga, nimetega sufuria. Mbuzi yule mwenye baka kazaa mapacha. Mdogo wako anataka kulala chumbani kwako, nimemkatalia, kitanda nimekitandika. Ukitaka kuja nyumbani baada ya kuonana na daktari, njoo, hata bila kuaga.

Lakini kwanza Alhamisi. Karatasi itoe chini ya godoro leo, iweke pamoja na kadi ya bima. Ukitoka kwa daktari nibipu tu, nitapiga mimi.

Kifurushi nimempa kondakta: mbaazi, na machungwa. Anza na yale ya chini, yameiva zaidi.

Mama yako