Asili ya makaburi ya Tongoni ichunguzwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie asili ya makaburi ya kale yenye nguzo ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Mara nyingi husemwa kwamba waliozikwa pale ni Washirazi kutoka Uajemi, na mazungumzo huishia hapo.

Tusiwe wepesi hivyo. Makaburi yale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vya pwani yetu hii hii. Ni kweli baadhi ya nguzo zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo, lakini bakuli ni ushahidi wa biashara, halitaji kabila la marehemu. Tena makaburi ya namna hiyo yapo Kaole karibu na Bagamoyo, yapo Gedi nchini Kenya, hadi Somalia. Ni ujenzi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa nini tuwanyime mababu zetu kazi ya mikono yao? Masimulizi ya wazee wa Tongoni yaandikwe, ila yapimwe pamoja na ushahidi wa ardhini.

Naiomba Idara ya Mambo ya Kale ishirikiane na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuyachunguza upya, na wageni waelezwe wazi lipi linajulikana na lipi bado linabishaniwa. Kazi hiyo ianze mapema, kwani nguzo nyingi zimekwisha kuanguka.

Msomaji wako,
Tanga