Risala ya kikundi chetu cha ngumi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja, wazazi na mabondia wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa, risala nyingi zinaanza na changamoto mpaka mgeni anaanza kuangalia saa, sisi leo tunaomba tuanze na Battling Siki, mtoto wa Saint-Louis kule Senegal, kazaliwa 1897. Huyu jamaa alipigana vita kuu ya kwanza kwenye jeshi la Ufaransa, akapewa medali za ushujaa, vita ilivyoisha akarudi zake ulingoni.

Tarehe 24 Septemba 1922 jijini Paris akapandishwa na Georges Carpentier, bingwa wa dunia wa uzito wa laiti hevi, kipenzi cha Wafaransa. Raundi za mwanzo Siki alienda chini, na baadae mwenyewe alisema kulikuwa na mpango auze pambano, ila akaona anapigwa kwelikweli, basi akageuza kibao. Raundi ya sita Carpentier huyo chini, hanyanyuki! Sasa vituko ndo hapa, refa anasema eti Siki kamtega mwenzie mguu kwahiyo ushindi ni wa aliyelala. Uwanja ukachafuka, Wafaransa haohao wakazomea mpaka majaji wakabadili matokeo, na hivyo ndivyo Afrika ilivyopata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa ngumi.

Mkanda haukukaa sana. Serikali ya Uingereza ikamzuia asipigane London na Joe Beckett, akaishia kwenda Dublin tarehe 17 Machi 1923, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, kutetea ubingwa dhidi ya Mike McTigue ambae ni Muayalandi, yaani kwao na siku yao! Raundi 20, akapoteza kwa pointi. Sijui nani alimshauri. Desemba 1925 akapigwa risasi New York akafa, ana miaka 28 tu, na mabaki yake yamerudi Senegal 1993.

Ndo maana Mheshimiwa ombi letu la kwanza sio vifaa. Tunaomba mwanasheria wa kutusomea mikataba, maana kuna mwenzetu kasaini karatasi usiku juu ya boneti ya gari na mpaka leo hajui asilimia yake ni ngapi. Vifaa navyo tunaomba, hasa glovu, hizi zilizopo tunapokezana zikiwa bado na jasho la aliyetoka.

Naomba kuwasilisha.