Mheshimiwa Waziri, tuletee wahadhiri maktabani

Kwa Waziri wa Elimu,
Serikali ya Kaunti ya Nakuru.

KUH: MIHADHARA YA BURE YA VYUO VIKUU KWA WANANCHI WOTE

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, na cherehani yangu iko barazani mwa duka la vifaa vya ujenzi. Mlango wa duka hilo ndio ubao wa matangazo wa mtaa wetu: matanga, harambee, nyumba za kupanga, mikutano ya injili. Siku moja likabandikwa bango la chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Kutakuwa na mhadhara kuhusu kupanda kwa maji ya maziwa ya Bonde la Ufa, lilisema. Hakuna kiingilio. Wote mnakaribishwa.

Nililisoma bango lile mara tatu, kwa sababu jambo hilo limeingia hadi ndani ya familia yetu. Dada yangu alikuwa na ploti na nyumba ya vyumba viwili upande wa Mwariki, karibu na Ziwa Nakuru. Maji yalianza kama unyevu kwenye sakafu. Kisha choo kikajaa, kisha ukuta wa jikoni ukalainika, na mwisho tukang'oa mabati na kuyapakia kwenye mkokoteni huku watoto wamebeba sufuria kichwani. Tangu siku hiyo tumeelezwa mambo mengi. Wako waliosema ni laana. Wako waliosema volkano ya Menengai inaamka na inasukuma maji kutoka chini. Jirani mmoja aliapa kwamba serikali ilifungulia bwawa usiku. Dada yangu aliyasikiliza yote, na hakuna hata moja lililomsaidia kuamua afanye nini na ploti yake.

Basi nikafunga kazi Jumatano saa saba na nusu, nikiwa na sweta tano za wateja ambazo hazijamalizika, nikaenda.

Kwenye geti askari aliniomba kadi ya mwanafunzi. Nikamwambia bango limesema wote. Alikuwa kijana mwenye adabu, akapiga simu, akapiga tena, na mimi nikakaa juu ya jiwe karibu dakika arobaini. Hatimaye niliacha kitambulisho changu getini nikaingia. Mhadhara ulikuwa umefika katikati. Ukumbi wa viti zaidi ya mia ulikuwa na watu kumi na wanne pamoja nami, na wote isipokuwa mimi walikuwa wa pale pale chuoni. Mhadhiri alizungumza Kiingereza cha wasomi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, gazeti la Kiingereza nalisoma, lakini maneno yale yalinipita kama matatu iliyojaa. Wakati wa maswali ulipofika sikuinua mkono.

Nilimfuata mhadhiri kwenye ujia wa nje. Nikamsalimu, nikamwambia kuhusu dada yangu. Aliweka mkoba wake chini, akaomba daftari langu la vipimo, akachora.

"Mama, ziwa hili ni sufuria isiyo na tundu," alisema.

Akanichorea mito inayoingia: Njoro, Makalia, Nderit. Akaniuliza mto unaotoka ni upi. Nimezaliwa hapa, na sikuwa nimewahi kujiuliza. Hakuna. Maji ya Ziwa Nakuru hutoka kwa kukaushwa na jua, na kiasi kingine hupenya ardhini. Mvua ikizidi kwa miaka mfululizo, na milima ya Mau ikiwa imenyolewa miti hivi kwamba maji yanateremka mbio pamoja na udongo, sufuria inajaa. Mvua ikipungua, inashuka. Akanikumbusha kwamba katikati ya miaka ya tisini ziwa hilohilo lilikauka karibu lote, vumbi jeupe likawa linaruka hadi mjini. Hilo nalikumbuka kwa macho yangu. Waliojenga karibu baada ya miaka ya ukame, alisema, walijenga ndani ya sufuria wakati imepungua maji. Tena hatukuwa peke yetu: kuanzia mwaka wa 2010 hivi maji yalipanda Naivasha, Baringo na Bogoria pia. Na heroe waliotuhama? Maji mengi ya mvua yalipunguza magadi ya ziwa, na ule mwani wa kijani wanaoula ukapungua, ndege wakatafuta chakula kwingine.

Dakika ishirini, Mheshimiwa, kwa Kiswahili safi, juu ya ukurasa wenye vipimo vya kiuno na bega. Ukurasa huo ninao mpaka leo. Nimewaonyesha wateja wengi sana, na kila mmoja huuliza swali lilelile: mbona hawakutuambia?

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Elimu kuhusu maisha yetu inapatikana humu humu katika kaunti, inatokana na udongo wetu na maji yetu, lakini sisi ndio wa mwisho kuisikia.

Chukua ngano. Mwaka wa 1998 iligunduliwa nchini Uganda aina mpya ya ugonjwa wa kutu ya shina la ngano, ikaja kuitwa Ug99. Ilitisha dunia, kwa kuwa ngano nyingi zilizokuwa zikilimwa hazikuwa na kinga dhidi yake. Mahali ambapo mbegu kutoka nchi nyingi huletwa, zikapandwa na kuachwa zishambuliwe ili ijulikane zipi zinastahimili, ni hapa Njoro, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Maelfu ya mbegu kila mwaka. Mkulima wa ngano wa mbali huko Asia analindwa na shamba lililo mwendo wa matatu kutoka kwa cherehani yangu. Nina wateja wanaolima Mau Narok na Molo. Nilipowasimulia, walidhani natania.

Chukua pia Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba pale mwaka wa 1937 na kukuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu wa kale. Watoto ninaowashonea sare hupita chini yake kila siku. Wangapi wamewahi kusimuliwa na mtu anayejua kwamba watu waliishi pale, wakafuga, wakazikana, kabla ya huu mji kuwa na jina?

Wanaojua wapo. Chuo cha Egerton kilianza Njoro mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na kikawa chuo kikuu mwaka wa 1987. Kabarak iko palepale tunapoiona. Vyuo vingine vina kampasi mjini kati. Tukihesabu wahadhiri wanaolala ndani ya kaunti hii, wa kilimo, sheria, uuguzi, historia, kompyuta, hatuwezi kusema hatuna watu.

Kuna jambo moja nilisoma ambalo haliniachi. Jijini London kuna chuo kinachoitwa Gresham. Kilianza mwaka wa 1597 kutokana na wosia wa mfanyabiashara mmoja, Thomas Gresham, aliyeacha mali yake ilipe maprofesa wafundishe watu wa mji bure. Hakitoi digrii. Hadi leo mihadhara yake ni ya bure, na mtu yeyote huingia. Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: zamani zile lugha ya wasomi ilikuwa Kilatini, na mhadhara ulisomwa kwa Kilatini kisha ukasomwa tena kwa Kiingereza ili wenye maduka na mafundi nao waelewe. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita Kiingereza chenyewe ndicho kilikuwa lugha ya watu wa kawaida, na kuna mtu aliyeona si haki kuwaacha nje. Na tukitaka mfano wa karibu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti maalumu cha uprofesa, kilichoanza mwaka wa 2008 chini ya Profesa Issa Shivji, na kuanzia 2009 watu wa nje wakaalikwa kukaa na wasomi siku kadhaa kujadili Afrika.

Sasa ombi langu. Siombi mageti ya vyuo yafunguliwe tu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu, waliokuwa wamelala bwenini. Mzazi yeyote anaelewa kwa nini askari yule aliniuliza kadi, na sitaki aache kuuliza. Kwa hiyo badala ya sisi kwenda huko, wao waje. Chuo kikuu ni kazi ya Serikali Kuu, najua. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba na makavazi. Hapo ndipo wewe una uwezo, Mheshimiwa. Maktaba ya Nakuru ina viti. Mitaa ina kumbi za kijamii ambazo wikendi hukodiwa kwa harusi na siku nyingine zimefungwa kwa kufuli. Naivasha, Molo, Gilgil, Subukia, kote huko hakuhitaji jengo jipya.

Mhadhara mmoja kwa mwezi unatosha kuanza. Uwe Jumapili saa tisa alasiri, watu wametoka kanisani na wamekula. Jumatano saa nane ni saa ya mtu aliyeajiriwa na chuo, fundi na mama mboga hawawezi. Uwe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na awepo mkalimani wa lugha ya ishara. Mhadhiri alipwe nauli na apewe chai. Nusu ya muda iwe ya maswali, maana wa kwetu hujifunza kwa kuuliza, na swali la mkulima mara nyingine humfunza profesa. Tangazo lisomwe makanisani na misikitini, lisikike katika redio za hapa, libandikwe steji za matatu. Na kuna jambo ambalo naliomba kwa heshima kubwa: pasiwe na hotuba za wanasiasa kabla ya mhadhara. Tukianza kutambua wageni waheshimiwa mmoja baada ya mwingine, saa nzima itaisha na watu wataondoka, na mwezi unaofuata hawatarudi.

Vyuo navyo vitafaidika, ingawa hilo ni lao kujipimia. Profesa mpya hutoa mhadhara wake wa kwanza wa uprofesa, na kwa desturi mhadhara huo ni wa umma. Autoe mbele ya umma kweli.

Najua utaambiwa watu hawatakuja bila posho. Hilo nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani. Watu wa mji huu hujaa uwanjani kumsikiliza mhubiri kwa saa tano bila kulipwa hata shilingi, mvua ikinyesha. Husimama kando ya barabara kumsikiliza muuza dawa za minyoo mpaka amalize maneno yake yote. Wanapenda kusikiliza mtu anayeongea lugha yao kuhusu mambo yao. Yule mhadhiri wangu angeongea nasi Jumapili moja tu ukumbini jinsi alivyoongea nami kwenye ule ujia, ukumbi ungehitaji viti vya kukodi.

Huo wa kwanza uwe kuhusu ziwa. Nakuomba hivyo kwa sababu masika yakija mazungumzo ya laana na mabwawa yataanza upya, na kuna watu wanauziwa ploti huko chini hivi sasa, bei nafuu, na wauzaji hawataji sufuria.

Nitakuja mapema nisaidie kupanga viti. Dada yangu nitakuja naye. Anataka kumwuliza mhadhiri, mbele ya majirani wote wasikie jibu, kama mabati yale ayauze au ajenge tena.

Wako kwa heshima,
Fundi wa nguo, Nakuru