Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka 2025: soko la klachi linakoelekea, na zile katoni zetu za stoo

Habari za masiku wanachama wenzangu, wauzaji wa klachi wa dukani na mafundi wa chini ya gari wote. Taarifa hii imechelewa najua, mhasibu amenikumbusha mara tatu na mi nkawa nasema kesho kesho, ila kuna swali mliniuliza kwenye mkutano uliopita nkashindwa kulijibu pale pale. Mwenyekiti, hizi gari za umeme zisizo na klachi zikijaa, klachi tutamuuzia nani? Nlicheka tu nkaahirisha. Sasa nimelifanyia kazi, nimesoma, nimeuliza wanaoagiza mzigo, na nitajibu humu humu.

Naanza na kosa langu mwenyewe kabla hamjanianzia. Mwanzoni mwa mwaka tulichanga tukaagiza kwa pamoja seti za klachi za gari ndogo (klachi ndo inayounganisha na kuachanisha injini na giaboksi), yani pleti inayolika, presha pleti inayoibana na relisi bering inayoiachia, zote ndani ya boksi moja, na mi ndo nlisukuma wazo lile kwa nguvu kwasababu kichwani kwangu bado nina picha ya Corolla za gia za miaka ile ambazo kila wiki lazima ushushe giaboksi mbili tatu. Zaidi ya nusu ya mzigo bado upo stoo mpaka naandika hapa. Bei haikua mbaya na ubora upo, tatizo gari zenyewe hazipo barabarani.

Na sababu ukiitafuta inaanzia mbali. Tangu 1991 Wajapani wana leseni ya kuendesha otomatiki peke yake, kijana wa kule anajifunza bila kukanyaga klachi hata siku moja, viwanda vikafuata wateja, sasa hivi gari ndogo yenye gia za mkono kule ni ya kuitafuta kwa tochi. Na sisi tunavaa alichovua Mjapani. Vitz, IST, Passo, Noah, Harrier zinazoshuka bandarini nyingi mno ni otomatiki, ndani kuna konveta ya mafuta inayoshika nafasi ya klachi, na pleti ndogo ndogo za ndani ya giaboksi ambazo ni kazi ya fundi mwingine kabisa. Kwahiyo wakati sisi tunaogopa gari la umeme litakuja kutuua, kumbe kwenye gari ndogo otomatiki ilishamaliza kazi kitambo na hatukuitangazia hata msiba.

Hapo hapo niseme kuhusu haibridi, gari zenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, maana kuna vituko. Prius na Aqua hazina klachi, ila kati ya injini na giaboksi kuna dempa ya kupunguza mtikisiko, yenye springi, ambayo ukiishika mkononi utaapa ni klachi pleti. Mwenzetu mmoja aliletewa ile kama sampuli akampa mteja pleti ya kawaida, gari likarudi linatingishika kama mashine ya kusaga, sitamtaja anajijua. Upande wa pili Honda Fit haibridi ile ya 2013 na Vezel haibridi ya toleo la kwanza, mtu anaona hakuna pedeli anasema hii otomatiki haituhusu, wakati ndani ina klachi mbili kavu, moja ya gia shufwa na nyingine ya gia witiri, zinapokezana. Teknolojia hii iliingia kwenye gari za wateja wa kawaida na Golf R32 mwaka 2003 ikasambaa Ulaya na China. Klachi ipo sana tu, ila kuibadilisha kunataka vifaa maalum na kompyuta, ukiipiga na nyundo na bomba la kukazia umeshaharibu pesa ya mtu.

Sasa dunia. Mwaka 2024 gari za umeme zilizouzwa duniani zilipita milioni 17, hesabu inajumuisha na zile haibridi za kuchomeka kwenye umeme, maana yake ni zaidi ya gari moja katika kila tano mpya, na China ndo imebeba sehemu kubwa ya hiyo namba. Norway karibu gari 9 kati ya 10 mpya mwaka huo zilikua za umeme mtupu. Msiseme Norway ni mbali na wana hela, Ethiopia hapo jirani januari 2024 ilizuia kuingiza gari binafsi za mafuta, na Kigali mwaka huu 2025 wameanza kusajili pikipiki za abiria za umeme tu.

Wenye viwanda vya klachi wameona mapema kuliko sisi. Schaeffler wa Ujerumani ambao ndo wenye chapa ya klachi ya LuK mwaka 2024 walimalizia kuungana na Vitesco, kampuni ya mambo ya umeme wa magari, mwezi wa 11 wakatangaza kupunguza nafasi za kazi kama 4,700 huko Ulaya. ZF wenye klachi za Sachs nao mwaka huo huo walisema nafasi kati ya 11,000 na 14,000 Ujerumani zitaondoka mpaka mwisho wa 2028. Sio yote ni ya klachi, msije mkaninukuu vibaya, lakini hela ya utafiti sasa inaenda kwenye mota na betri. Mi naona kinachokuja kwetu ni kwamba maboksi ya gari za zamani yatazidi kutoka India, China na Uturuki, mengine mazuri kabisa na mengine ni hasara tupu ndani ya boksi la kupendeza, na kazi ya kuchambua itabaki kwetu.

Haya, sasa pesa iko wapi. Iko kwenye malori jamani. Nlisema mkutanoni nkaonekana nawapigia debe wenye maduka makubwa, ila twende taratibu. Lori la kutoka bandarini kwenda Zambia au Lubumbashi linapanda mlima Kitonga na mzigo, likifika mpakani Tunduma linaingia foleni, dereva anasogea mita kumi anasimama, anasogea tena, mguu upo nusu nusu kwenye pedeli siku nzima, ile harufu ya kuungua tunaijua wote. Pleti ya 430, yani ile ya lori yenye kipenyo cha milimita 430, inakufa mapema kwasababu ya foleni na mguu wa dereva, kilomita hazina kosa. Hiyo foleni haiishi kesho, na lori la umeme la kubeba tani 30 mpaka Lubumbashi mi sijaliona kwenye ile njia.

Ila hata huko mambo yamebadilika na hapa ndo nataka vijana msome mara mbili. Volvo walitoa giaboksi ya kujibadilisha gia ya I-Shift 2001, Scania wana Opticruise, Benz wana PowerShift, na haya malori tunayapokea used sasa. Ndani mengi hayana pedeli ya klachi, dereva anasema naendesha otomatiki, wakati chini kuna pleti kavu na presha pleti kama kawaida, kinachokanyaga ni upepo na umeme badala ya mguu. Pleti inaisha vilevile. Tofauti ukishafunga mpya lazima kompyuta ya lori ifundishwe upya sehemu pleti inapoanza kushika, usipofanya hivo lori litaruka ruka, gia zitagoma, mteja atasema umemuwekea feki. Mwaka huu nimehesabu kesi tatu za wanachama wetu kudaiwa warudishe pesa kwa sababu hii hii na zote tatu pleti ilikua nzima. Kamati imependekeza mfuko ununue mashine moja ya kusomea kompyuta za malori, ikae ofisini, mwanachama aazime kwa ada ndogo. Nawaomba muipitishe, kweli nawaomba.

Pia angalieni mnapoagiza, 430 ziko za kusukuma na za kuvuta, kwa namba zinafanana na kwenye simu mteja atakwambia tu nataka 430 ya lori la Howo. Mwambie atume picha ya relisi bering, ndo inaonyesha ni ipi.

Daladala na kosta hizo za gia bado zipo, sina la kuongeza, mnajua wenyewe zinavyolisha maduka ya Gerezani, Dar.

Bodaboda na bajaji ndo panapotisha kidogo. Bajaji zetu nyingi ni za India, na India wenyewe mwaka 2023 waliuza bajaji za umeme zaidi ya 580,000 wakawapita China, kwahiyo anayetutengenezea anahama na sisi tutahama nae tutake tusitake, na mota ya umeme haina klachi hata ya kuombea. Sijui ni miaka mitano au kumi ila msijaze stoo pleti za bajaji kama urithi wa watoto. Kwa sasa pikipiki bado zinakula pleti sana, nyingine hazina hata sababu ya kufa, kijana anaweka oili ya gari kwasababu ni rahisi, pleti za pikipiki zinaoga mafuta na zile oili nyingi za gari zina dawa ya utelezi, klachi inaanza kuteleza anakuja kulaumu duka. Muuzieni yenye alama ya JASO MA, ile ya oili za pikipiki zenye klachi inayooga mafuta, na mumweleze kwanini, atarudi tena kwako.

Feki nitasema kidogo maana tumelisema kila mwaka. Kuna muuzaji wa jumla, jina naliacha, alituletea pleti zenye boksi la kampuni kubwa na stika inayong'aa, tulipokata moja lainingi, ile sehemu inayosuguana, ilikua nyembamba na ribiti zinazoishikilia ziko juu juu zinakaribia kugusa flaiwili, gurudumu zito la injini. Tumeacha kununua kwake. Anayetaka kuiona ile pleti ipo ofisini mezani.

Na vumbi. Hili halina mzaha. Pleti za zamani zilikua na asbesto, madini ya nyuzi nyuzi ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, Umoja wa Ulaya walishaipiga marufuku tangu 2005, Marekani walipitisha kufunga ile iliyobaki machi 2024, lakini gari kuukuu na pleti zisizojulikana zilikotoka bado tunazifungua sisi. Ukishusha giaboksi usipulize na kompresa, lowanisha kwa maji futa na kitambaa. Ugonjwa wake unachukua miaka mingi kujitokeza ndo maana watu hawauogopi. Wazee wetu wawili wa kazi hii wanakohoa mpaka leo, sisemi ni asbesto mi sio daktari, ila hizo barakoa tulizonunua ziko kwenye kabati zimejaa utando wa buibui.

Hesabu atazisoma mhasibu mwenyewe. Kwa kifupi michango inaingia vizuri mpaka mwezi wa sita halafu watu wanapotea kama wana deni na mimi binafsi. Wanaodaiwa majina hayabandikwi ukutani mwaka huu, mtapigiwa simu.

Zile seti za gari ndogo nimeongea na kamati, zitauzwa kwa wanachama kwa bei ile ile tuliyonunulia bila faida, mwenye wateja mikoani wenye Corolla na pikapu za zamani aje achukue hata mbili mbili. Ufunguo wa stoo ninao mi, ila ijumaa mchana sipo.