Barua kwa Mdogo Wangu Anayetaka Kuwa Bruda

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesikia kwamba umewaeleza wazee nia yako ya kuingia utawani ukiwa bruda, yaani mtawa asiye padre, nao wakakuuliza kwa nini usiende seminari uwe padre kabisa. Swali hilo utalijibu mwenyewe, maana wewe ndiye uliyeitwa. Mimi nataka umfahamu Mwenye Heri Grzegorz Frąckowiak, bruda ambaye hakuwahi kupewa daraja takatifu la upadre.

Alizaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Łowęcice, karibu na Jarocin nchini Poland, akabatizwa Bolesław; Grzegorz ni jina lake la utawani. Alijiunga na Shirika la Neno la Mungu, ambalo wamisionari wake wako hata Kongo, Kenya na hapa kwetu Tanzania, akaweka nadhiri za daima mwaka 1938. Katika nyumba ya shirika huko Górna Grupa kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu na kuwafundisha vijana ufundi huo.

Wajerumani walipoivamia Poland mwaka 1939, nyumba hiyo iligeuzwa kuwa gereza la mapadre, naye akarudi Jarocin akapata kazi katika kiwanda cha uchapaji. Mapadre walipokuwa wakikamatwa, bruda huyu alifundisha watoto katekisimu kwa siri, akawabatiza wachanga na kuwapelekea wagonjwa Ekaristi Takatifu. (Wanaosema bruda ni wa kufagia kanisa tu, waambie habari hiyo.)

Kulikuwa pia na gazeti la siri la wazalendo, ambalo alisaidia kulisambaza mpaka aliposhauriwa na padre aache, akatii. Baadaye Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, walipoanza kuwakamata watu kwa sababu ya gazeti hilo, Grzegorz alimwendea padre kumwuliza kama ni halali mtu kujitwika lawama yote ili wengine waachiliwe, hata kama itamgharimu uhai. Kwangu mimi, kuuliza huko ndiko kunakonigusa zaidi katika maisha yake yote, kwa sababu kunaonyesha kwamba hakusukumwa na jazba, wala hakuwa mtu aliyechoka kuishi akatafuta kifo chema. Aliungama, akakomunika, akangoja waje.

Aliteswa katika gereza la Ngome ya Saba mjini Poznań, lakini alishikilia kwamba mwenye kosa ni yeye, na baadhi ya waliokamatwa wakaachiliwa. Aliuawa kwa gilotini, mashine ya kukata kichwa, mjini Dresden nchini Ujerumani tarehe 5 Mei 1943, akiwa na miaka 31. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa mtakatifu, mjini Warszawa tarehe 13 Juni 1999, pamoja na wafiadini wenzake, wote wakiwa 108.

Wazee nitazungumza nao mimi, hasa baba mkubwa, ambaye naamini atanisikiliza. Wewe mwandikie mkurugenzi wa miito, na akikuuliza ungependa ufundi gani, usione haya kumtajia useremala.

Kaka yako