Tuwafundishe vijana maneno ya Kiingereza yanayofanana, hata yale ya matusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee jambo ambalo naliona kila siku kazini hapa Entebbe. Nafundisha vijana wanaoanza kazi ya hoteli, wale wa kutandika vitanda na wale wa mapokezi, na kitu kinachowaaibisha zaidi sio kazi yenyewe, ni maneno ya Kiingereza yanayokaribiana sauti. Kijana anagonga mlango anataka kusema amekuja kubadilisha sheet, yaani shuka, mgeni anasikia shit ambayo ni mavi, tena ni tusi. Anataka kumuelekeza mama wa watu kwenye beach pale ziwani, inatoka bitch, mbwa jike, na ukimuita mwanamke hivo umemtukana vibaya sana. Alafu wenzake wanacheka, wanamrekodi, video inazunguka WhatsApp. Mi hiko kicheko kinaniuma, kwa sababu huyo mtoto wa watu alikaa darasani miaka yote na hakuna aliyewahi kumuonyesha tofauti.

Na tofauti inaelezeka vizuri tu. Kiswahili kina irabu tano, i yetu ni moja, Kiingereza wana i mbili. Ya sheet inavutwa na midomo inatanuka kama unatabasamu, ya shit ni fupi, ulimi umelegea na sauti inaegemea kidogo kwa e. Sasa sisi tukitia i yetu ya Kiswahili ambayo ni fupi, sikio la Muingereza linaipeleka moja kwa moja kwenye tusi. Anayejua Luganda ana faida hapa, maana okusiba ni kufunga kitu kwa kamba na okusiiba ni kufunga saumu, hakuna Muganda anazichanganya hizo, kwa hio nawaambia vuta sheet kama unavyovuta okusiiba na wanaelewa palepale. Can't pia hivo hivo, usipovuta ile a inakaribia neno chafu kabisa la sehemu za siri za mwanamke. Ukiona huwezi kuvuta, sema cannot yote kamili, yameisha.

Kuna hii ya L na R ambayo watu wanapenda kuwachekea Waganda. Si kwamba hawawezi, ulimi wao unafuata sheria ya lugha yao, baada ya e na i inakuja r, kwingine inakuja l, angalia majina ya sehemu huku kwetu, Luwero, Kalerwe, zote zimefuata. Sasa election ina e kabla ya l, ulimi unafanya ulivyozoea na inatoka erection, ambayo kwa Kiingereza ni uume kusimama. Msimu wa kura ukifika watu wanavunjika mbavu na mzee wa watu yuko jukwaani anaongea mambo ya maana. Ninachowafanyisha vijana ni hiki, tamka lection peke yake, l ikiwa mwanzoni inakuja bila shida, rudia mpaka izoee, alafu ndo uongeze ile e mbele. Pray na play, yaani kusali na kucheza, rice na lice, yaani wali na chawa, hizo nazo mtu azirudie hivo hivo kwa sauti kabla hajapewa menyu aisome mbele ya wageni.

Jinja nako waongozaji wa watalii wana dam ambayo ni bwawa, damn ambayo ni neno la kulaani, na dumb. Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, siku hizi Nalubaale, ukiliita dam usiogope, hata Waingereza wenyewe dam na damn wanazitamka sawasawa. Dumb ndo ya kuangalia. Zamani ilikuwa bubu, sasa hivi watu wengi wakiisikia wanaelewa mjinga, ndo maana viziwi hawataki kabisa kuitwa deaf and dumb, na wana haki, wana lugha yao ya alama na Katiba yetu ya 1995 inasema iendelezwe. Sema deaf inatosha. Lame na cripple, yaani kiwete, bado nazisikia kwenye mahubiri na kwenye vitabu vya zamani vya shule, tuziache jamani, mtu mwenye ulemavu anakaa pale anasikiliza.

Alafu kuna maneno ya ubaguzi, na hapa ndo naomba walimu wasione haya. Sisi tunasema kafiri tukimaanisha mambo ya dini, lakini Afrika Kusini kaffir ni tusi la kumdhalilisha mtu mweusi, mwaka 2018 mahakama ya huko ilimfunga jela mwanamke mmoja mzungu aliyewatolea polisi weusi neno hilo mara nyingi, kwa hio kijana anayeenda kutafuta kazi kule ajue kabla hajapanda basi. Niggardly nayo inasikika kama lile neno baya la Marekani la kuwatukana watu weusi ila haina undugu nalo, maana yake ni bahili. Lakini mwaka 1999 pale Washington msaidizi wa meya, David Howard, aliitumia akiongelea bajeti, watu wakasikia vingine, akajiuzulu, baadae meya Anthony Williams akamrudisha kazini. Kama kwa wenye lugha yao ilifika huko, sisi tutumie stingy tu.

Hoe ya kulimia nayo isisahaulike, maana watoto wetu wanaitamka hoo na hio kwa Muingereza ni whore, malaya. Inatakiwa iishie na u, hou. Hata hou yenyewe kwa lugha ya mtaani ya Wamarekani ni tusi lilelile, mpaka 2021 Facebook walikuwa wanawazuia watu kuandika Plymouth Hoe ambayo ni sehemu tu ya mji kule Uingereza, ikabidi waombe radhi.

Ombi langu kwa walimu, mkifika kwenye sheet andikeni ubaoni zote mbili, semeni hii ni shuka na hii ni tusi, watoto watacheka dakika moja alafu watajifunza. Na wewe Mhariri, kama nafasi ipo tutengee kona ndogo kila wiki ya maneno mawili matatu ya namna hii, na jinsi ya kuyatamka kwa herufi za Kiswahili. Vijana wangu hapa wataikata na kuibandika chumba cha kufulia.

Msomaji wenu,
Entebbe